Sayuni Ikae Mwisho

Jumatatu, 2 Desemba 2013

Siku mbaya. Kompyuta yangu imekufa. Saa nne asubuhi, mteja yuko mbele yangu anangoja barua yake ya maombi, skrini ikawa bluu, halafu nyeusi, halafu moshi kidogo ukatoka nyuma. Mteja akachukua karatasi zake, akavuka njia, akaingia kwa Gasore. Bila haya! Mbele ya macho yangu!

Nieleze mambo kwa utaratibu, maana siku moja wajukuu watasoma daftari hili. Mimi ni Appolinaire, katibu wa umma hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Zamani, kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa katibu wa shule ya sekondari, mtu wa tai. Hapa nina kibanda, paneli moja ya jua, printa na akili. Gasore ana kibanda ng'ambo ya njia, paneli mbili, na hana akili. Basi.

Lakini kinachoniuma si barua. Ni Mpangakwaya. Hiyo ni programu niliyoiandika kwa mikono yangu, kwa Visual Basic, miaka miwili iliyopita. Kanisa letu lina kwaya kumi na mbili, kwa sababu Mkongomani hawezi kukaa kwenye kwaya ya mwenzake zaidi ya mwaka mmoja. Kila wiki waligombania zamu. Kwaya ya kwanza huimba saa mbili asubuhi, inaimbia mabenchi. Kwaya ya mwisho huimba saa tano, kabla tu ya mahubiri, watu wamejaa mpaka madirishani. Mpangakwaya inachanganya majina kama karata na kutoa zamu bila upendeleo. Ndivyo nilivyomwambia Mchungaji Mutware.

Ndani yake kuna mstari mmoja mdogo. Mmoja tu! Mstari huo unaipeleka kwaya ya Sayuni mwisho. Si kila Jumapili, mimi si mjinga. Katika Jumapili nne, mara tatu. Kiongozi wa Sayuni ni Marthe, mke wangu, mama wa binti yetu Vanessa. Marthe akiimbia mabenchi, mimi nakula sombe baridi, kisamvu kitupu, mpaka Jumatano. Akiimba mwisho, kuna samaki. Yeye anasema ni neema ya Mungu. Sijapata nafasi nzuri ya kumsahihisha.

Sasa tarehe 22 mwezi huu kanisa linatimiza miaka kumi. Na siku hiyo hiyo dada yake Marthe, Yvette, anakuja kutoka Kampala. Hawajaonana miaka tisa. Yvette anafanya kazi hotelini, hawezi kutoka kabla ya Jumapili alfajiri, kwa hiyo atafika hapa saa nne na nusu. Marthe ametunga wimbo juu ya mama yao, aliyezikwa kule Fizi, Kongo, wakati wao wawili wako mbali. Sayuni ikiimba mapema, Yvette atakuta wimbo umekwisha. Kila asubuhi Marthe anapiga magoti kuomba zamu ya mwisho. Anaomba, maskini, na mashine imeungua.

Jumanne, 3 Desemba

Mungu yupo! Mchungaji ameletewa laptop. Zawadi ya mgeni mmoja kwa kanisa. Nikatangaza mbele ya wazee wote kwamba Mpangakwaya itakuwa ndani yake baada ya nusu saa. Nilisema hivyo nikiwa nimeweka mkono mfukoni. Gasore alikuwepo. Akacheka puani.

Nikachomeka flashi. Nikabonyeza Mpangakwaya. Kimya. Nikabonyeza mara mbili. Kimya. Nikaibadilisha jina. Nikaomba. Nikazima, nikawasha, nikaomba kwa Kifaransa. Kimya kabisa.

Kumbe ndani ya laptop hakuna Windows. Kuna Linux. Gasore, mtu mzima wa miaka thelathini na nane anayesoma kompyuta na watoto kwenye kituo cha vijana, akasema kwa upole wa kuudhi kwamba programu ya Windows haihamii Linux hivi hivi, ni lazima iandikwe upya. Nikamjibu kwamba najua, nilikuwa napima tu uzima wa mashine.

Halafu Mchungaji akaongeza lake. Kwaya zimeanza kunung'unika, akasema. Bantu mingi banauliza kwa nini Sayuni ina bahati hivi. Basi zamu za sikukuu zitatolewa Jumamosi tarehe 21, mbele ya kwaya zote, ukutani, kwa projekta. Nikasema ni wazo zuri sana. Jasho likaniingia machoni.

Alhamisi, 5 Desemba

Mbarara. Niliomba kibali cha kutoka kambini jana, nikakipata leo asubuhi. Nilivaa tai.

Nimeelekezwa kwa binti mmoja anaitwa Jamirah, mtu wa Nyamitanga, mwanafunzi wa chuo kikuu. Mchana anatengeneza kompyuta kwenye meza moja nyembamba karibu na soko. Ana hijabu ya kijani na bisibisi sikioni. Akaniita uncle. Akauliza ni programu ya nini, nikamweleza, akacheka mpaka bisibisi ikaanguka. Kwao, akasema, ugomvi wa namna hiyo huwa kwenye kupanga meza za harusi.

Akaniambia kuna fremu ya programu huria, jina lake Qt. Akaieleza vizuri: ni kama fremu ya nyumba. Nguzo zimesimama, paa lipo, wewe unaleta tope lako la ukuta. Na fremu hiyo inasimama kwenye Linux na hata Windows. Nikafurahi. Nikauliza huria maana yake nini hasa. Akasema maana yake kazi haifichwi, mtu yeyote anaweza kuifungua na kuisoma ndani. Nikauliza mtu yeyote, yaani nani? Akasema yeyote.

Sikufurahi tena.

Bahati nzuri, nilikuwa nimechapa maandishi yote ya Mpangakwaya zamani, kurasa tisa, niwaonyeshe wageni kibandani. Nikaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Huko nikatoa ukurasa wa sita, wenye ule mstari, nikaukunja ndani ya soksi. Nikampa kurasa nane. Akahesabu, akauliza ya sita iko fasi gani. Nikasema ililiwa na mbuzi. Akasema sawa, inaeleweka bila hiyo.

Malipo: debe moja la maharage ya Nakivale, kwa ajili ya mama yake. Wanatamani maharage yetu, akasema, ya mjini yana wadudu.

Ijumaa, 6 Desemba

Maharage. Nilitaka kununua mwenyewe, Marthe akakataa. Akasema mimi nikienda sokoni wauzaji wanaimba. Twende wote.

Huyu mwanamke! Wauzaji wanaweka maharage mazuri juu na mabaya chini, kila mtu anajua, na kila mtu ananunua ya juu na kunyamaza. Marthe hanyamazi. Anakunja mkono wa blauzi, anazamisha mkono kwenye beseni mpaka kiwiko, anachota ya chini, anayamwaga juani mbele ya bantu. Muuzaji akalia kwamba anaharibiwa biashara. Marthe akasema yeye hata mbinguni atachota ya chini kwanza. Tukapata debe safi.

Njiani akaniuliza kama mashine itakuwa tayari. Akasema haogopi, zamu iko mikononi mwa Mungu. Nikaitikia amina. Ukurasa wa sita ulikuwa bado kwenye soksi.

Jumatano, 11 Desemba

Mbarara tena, maharage mbele ya kijana wa bodaboda, laptop kwenye tumbo langu. Jamirah amemaliza! Siku sita tu! Mimi niliandika miezi saba.

Nzuri, siwezi kukataa. Dirisha linafunguka, majina kumi na mawili ya kwaya yamepangwa kwa umri, kuanzia iliyozaliwa kwanza. Sayuni ni ya saba. Bethlehemu ni ya nane, maana ilizaliwa kutoka tumboni mwa Sayuni mwaka 2010, siku ile Kantengwa alipotaka vitenge vya zambarau na Marthe akasema njano. Nusu ya waimbaji waliondoka na Kantengwa. Kantengwa ni mke wa Gasore. Sihitaji kueleza zaidi.

Chini kuna kitufe: CHANGANYA. Unabonyeza, majina yanacheza kidogo, yanatulia. Nilibonyeza mara ishirini. Jamirah akaniomba niache.

Kisha akanipa somo, nikijifanya namsikiliza kwa udadisi wa kawaida. Akanionyesha mahali pa kuandikia, jinsi ya kuijenga upya programu baada ya kubadili kitu. Akanifundisha adabu ya watu wa huria: kila unapoongeza mstari, andika na maelezo pembeni kwa lugha ya binadamu, umsaidie atakayesoma baada yako. Unatanguliza vijiti viwili vilivyoinama, mashine inayaruka maneno hayo. Hilo nikaliandika kwenye daftari, nimelipenda, ni mambo ya ukatibu. Akasema pia kitu kuhusu sifuri, kwamba huku mashine inaanza kuhesabu sijui wapi. Hilo sikuandika. Nilikuwa nakula chapati, na sifuri ni sifuri.

Jumamosi, 14 Desemba

Nilimwonyesha Marthe. Kosa! Kosa kubwa!

Nilitaka tu anione nimekaa na laptop. Akasogea, akaomba abonyeze yeye. Akafumba macho, akasema jina la Yesu, akabonyeza. Majina yakacheza. Yakatulia. Ya kwanza kabisa: SAYUNI.

Akasema hiyo ni kujaribu tu. Akabonyeza tena. Sayuni ya tatu. Tena. Sayuni ya pili.

Akaenda jikoni. Nikamsikia akitwanga sombe kwa nguvu ambayo sombe haihitaji. Baadaye akaja mlangoni akasema, kwa sauti ndogo, labda Mungu amechoka nasi. Akasema Yvette atateremka kwenye gari na kukuta wimbo umekwisha, kazi yake ni kutafuta kiti. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi nikiona Marthe analia siwezi kufikiri, na nisipofikiri ndipo napata mawazo.

Sombe baridi. Bugali wa jana.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimetoa ukurasa wa sita kwenye soksi. Nimefunga kibanda, nimeandika mlangoni: MKUTANO.

Kwanza kibodi. Mimi vidole vyangu vilisoma Uvira, kwenye mashine za Kifaransa. Hii laptop herufi zake zimehamishwa na adui. Nilipoandika jina langu lilitoka kama la pepo mchafu. Saa nzima nilitafuta A.

Halafu mstari wenyewe. Lugha ni nyingine, mabano ni mengine. Nilijaribu, mashine ikanipa makosa arobaini na moja. Nikaongeza nukta na mkato fasi moja, makosa yakawa matatu. Nikajiona daktari. Nikatoa mabano mawili, nikarudisha moja. Hakuna kosa hata moja! Imejengwa!

Mstari unasema hivi: kwaya namba saba, peleka mwisho. Siku zote, si mara tatu kwa nne, maana siku ya sikukuu hakuna mchezo. Sikuandika jina Sayuni kwenye mstari, nimeandika namba, ili mtu akichungulia asielewe. Ujanja huo!

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa adabu, nikaongeza maelezo pembeni kama Jamirah alivyofundisha, vijiti viwili mbele.

Nilikuwa naenda kubonyeza CHANGANYA kujaribu, mlango ukagongwa. Mchungaji Mutware. Amekuja kuchukua laptop. Itakaa chini ya kitanda chake mpaka Jumamosi, akasema, ili mtu asiichezee. Nikampa. Nikamwambia ni uamuzi wa hekima. Sikujaribu, lakini kuna haja gani? Programu imejengwa bila kosa, mashine yenyewe imekiri.

Jioni nilimwambia Marthe asiogope, nimehisi moyoni Sayuni itakuwa ya mwisho. Akasema sijawahi kuhisi kitu moyoni. Lakini alitabasamu.

Jumamosi, 21 Desemba

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Saa nane mchana, kanisa limejaa, kwaya kumi na mbili na vitenge vyao. Shuka jeupe ukutani. Projekta inanguruma. Mchungaji akaomba, akaniita mbele. Nilivaa tai. Nikasema maneno machache juu ya maendeleo, kama dakika ishirini. Mchungaji akanigusa bega.

Ili kusiwe na maneno, akasema, tutachanganya mara tatu, ya tatu ndiyo ya kweli. Vizuri! Nikabonyeza.

Majina yakacheza ukutani. Yakatulia. Nikatazama chini kabisa. BETHLEHEMU.

Wanawake wa zambarau wakapiga vigelegele. Nikajiambia mashine imepiga chafya tu. Nikabonyeza tena. Ya mwisho: BETHLEHEMU. Amina zikapungua, minong'ono ikaanza. Mara ya tatu nilibonyeza kwa kidole kilicholowa.

BETHLEHEMU.

Kelele! Mzee Anatole wa kwaya ya Hosana akapanda juu ya benchi, akapaza sauti: "Gasore amemulisha huyu!" Wengine wakaitikia. Eti mimi nimelishwa rushwa na Gasore! Mimi! Nimetukanwa mengi maishani, hilo limepita yote.

Gasore akasimama, jasho usoni. Akaapa hajawahi kunipa hata karanga. Na ili asafishwe mbele ya watu, akaomba programu ifunguliwe ndani, kwani ni huria, imeandikwa hivyo kwenye ukurasa wake wa kwanza, kila mtu ana haki ya kusoma. Nikasema projekta imechoka. Nikasema jua limepungua. Nikasema kuna mambo ya kitaalamu yanayoweza kuwaumiza macho wazee. Mchungaji akasema ifunguliwe.

Gasore akafungua mwenyewe. Hakuna aliyeelewa mabano wala namba. Lakini pembeni kulikuwa na maelezo yangu, kwa Kiswahili safi, ukutani, kila herufi kama mkate:

Hapa Sayuni ya Marthe inakaa mwisho. Tafadhali usifute mstari huu. Appolinaire, katibu wa umma.

Hata projekta niliisikia inapumua.

Marthe alisoma polepole, midomo ikisogea. Alisoma mara mbili. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, tangu lini. Nikasema miaka miwili. Akauliza zile Jumapili zote? Nikasema mara tatu kwa nne. Akafunga kitenge chake vizuri, akatoka, na wanawake wa njano wakamfuata mmoja mmoja bila kunitazama. Afadhali angenipiga. Kwa miaka miwili alikuwa anamshukuru Mungu kwa kazi yangu, na leo hana wa kumshukuru. Niliumia sana. Ninaumia sasa hivi.

Mchungaji akatoa hukumu. Zamu za mashine zinabaki, ila Sayuni imekula nafasi ya wenzake vya kutosha, kesho itaimba ya kwanza. Saa mbili kamili.

Nilimpigia simu Jamirah, nikalalamika kwamba fremu yake imenisaliti. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikasoma. Nikasikia bisibisi inaanguka. Uncle, akasema, nilikuambia: huku mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Ya kwanza kwa watu ni sifuri kwa mashine. Saba ya mashine ni ya nane ya watu.

Ya nane ni Bethlehemu. Nimemwekea Kantengwa kiti cha enzi kwa mikono yangu.

Jumapili, 22 Desemba

Saa moja na dakika arobaini nilikuwa kanisani. Peke yangu. Sijawahi kuona mabenchi mengi hivyo, kwa kawaida nafika saa tano. Sayuni wakaingia, wanawake kumi na wanne wa njano, wakajipanga mbele. Marthe hakunitazama. Simu yake ikalia. Yvette. Bado yuko njiani, hata Mbarara hajafika. Marthe akasema hakuna shida, njoo polepole, sauti yake ikakatika katikati ya polepole.

Mchungaji akafungua Biblia, akasema Sayuni, karibuni.

Ndipo akaingia Kantengwa na zambarau zake zote. Nikajua amekuja kucheka. Akapita mbele yangu moja kwa moja mpaka kwa Mchungaji, akasema Bethlehemu wataimba sasa hivi, na Sayuni wachukue nafasi yao ya mwisho. Gasore akaanza kusema kitu juu ya utaratibu. Kantengwa akamgeukia tu. Gasore akakaa.

Kisha akamwambia Marthe: "Mama Vanessa, jana ndipo nimesikia dada yako anakuya; ungeniambia tu. Miye pia mama yangu alizikwa siko pale." Marthe akamshika mikono, wakasimama hivyo, njano na zambarau. Miaka mitatu hawakuwa wanasalimiana hata bombani.

Halafu Kantengwa akanigeukia mimi. "Na weye, Baba Vanessa, ungeniuliza tu. Niko ng'ambo ya njia."

Nilikuwa nafikiria kibodi, na makosa arobaini na moja, na soksi.

Bethlehemu wakaimbia mabenchi na mimi. Wanaimba vizuri, sipendi kusema hivyo.

Saa tano na dakika tano Yvette akatokea mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, mfuko kichwani. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Marthe alikuwa ameanza ubeti wa kwanza. Akamwona. Sauti ikamwisha. Kwaya ikabeba wimbo, na Yvette akaanza kutembea katikati ya watu, mfuko bado kichwani, akiimba. Hajawahi kuusikia wimbo huo! Lakini tuni ya wimbo Marthe aliichukua kwa mama yao, ndiyo mama aliyokuwa anaimba akitwanga sombe. Yvette aliijua kabla hajajua kutembea. Wakafika mbele wakashikana, na wimbo ukaendelea bila wao. Mzee Anatole akanipa leso yake. Nililia kama mtoto, na leso sijairudisha.

Nyumbani, samaki! Marthe hajasema nami isipokuwa nimpe chumvi. Lakini alinipakulia mkia.

Nikiwa na ule mkia nilitafakari. Sayuni imeimba ya mwisho. Yvette amesikia. Samaki amepikwa. Yaani kila kitu kimekuwa kama nilivyopanga! Mpangakwaya imefanya kazi, ila imepitia njia ndefu kidogo. Nitamwambia Jamirah.

Jumatatu, 23 Desemba

Mchungaji amekataza mashine. Laptop itatumika kwa barua tu, na barua zimepewa Gasore. Kuanzia Jumapili ijayo zamu zitatolewa kwa kikapu, kama zamani: majina kumi na mawili kwenye karatasi, mtu mmoja anachomoa mbele ya kanisa. Karatasi inayochomolewa kwanza inaimba kwanza. Inayobaki peke yake kikapuni inaimba mwisho.

Asubuhi niliapa mbele ya Marthe na Yvette, mkono juu ya Biblia, kwamba sitaandika tena mstari wowote kwenye mashine yoyote. Nililia kidogo. Marthe akasema amenisamehe, lakini nisirudie. Nimeapa kwa moyo wote. Mashine, basi.

Saa sita Mchungaji akatafuta mtu wa kuandika karatasi. Mwandiko wa Gasore unajulikana, kuku anaandika vizuri zaidi. Nikajitolea. Bure!

Kikapu hakina mabano wala sifuri. Kikapu ni kikapu. Ni kuhamisha programu tu, safari hii kutoka Linux kwenda kikapuni. Kwaya kumi na moja nimeziandika kwenye karatasi pana, nyepesi, zimekunjwa mara moja, zinakaa juu kama majani ya mgomba. Sayuni nimeiandika kwenye kipande cha katoni, nikakikunja mara nne mpaka kikawa kidonge kigumu. Ukitikisa kikapu, kinazama chini kabisa, fasi mkono wa mtu haufiki. Nimejaribu kwa mkono wangu mara kumi, nikichomoa ya juu, ya juu, ya juu. Mara kumi Sayuni imebaki mwisho. Safari hii nimejaribu kwanza! Nani anasema mimi sijifunzi?

Marthe na Yvette wamerudi sokoni wakicheka. Maharage mazuri mno, hakuna hata mdudu mmoja. Yvette anasema muuzaji alikaribia kulia, maana Marthe alizamisha mkono mpaka kiwiko akachota ya chini, kama kawaida yake. Mke mwerevu sana huyu. Ameanza hata kunisemesha.

Na sasa hivi Mchungaji amepita na habari njema. Wazee wamekaa, wamemchagua mtu wa kuchomoa karatasi Jumapili, mtu ambaye kwaya zote zinamwamini baada ya yaliyotokea. Wamemchagua Marthe. Nimefurahi kabisa. Mambo yote yamebaki ndani ya familia, sioni kitu kinachoweza kuharibika.